Minyoo Myekundu ya Kijitoni

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule kulia pale kijijini Burungu, Adelaïde alichukua kibuyu na kuteremka kijitoni kuteka maji. Siku hiyo alikwenda kinyonge. Mdogo wake Edmond, aliyezoea kubebwa mgongoni kwake, alikuwa akiharisha tangu juzi, na macho yake yalikuwa yameingia ndani.

Pale pa kutekea, Adelaïde aliona tope limejaa minyoo miembamba, myekundu, ikitikisa mikia.

"Kumbe ni ninyi munaua mudogo wangu!" akasema kwa hasira. Akaizoa yote na kuitupa majanini. Kesho yake ilikuwa imejaa tena, haina hata habari naye.

Akakimbia kumwita mwalimu wake, Mama Athanasie. Mwalimu akapanda taratibu kandokando ya kijito, akigeuza mawe. Huko juu maji yalikuwa maangavu, na chini ya mawe waling'ang'ania wadudu bapa.

"Angalia, mutoto wangu. Hawa wadudu wanapenda maji safi. Ile minyoo haiue muntu. Inapenda tope ya kuoza, njo inatuonyesha maji iko mubaya. Huku juu haiko. Sasa uchafu unaingilia wapi?"

Adelaïde akayatazama matete ya ukingoni. Alipajua. Nyuma ya matete, kati ya hapo na pa kutekea, alikuwa ameloweka mihogo ya mama yake ichache, ili asiteremke na mzigo hadi dimbwi la chini, wanakoloweka wanawake wote. Akisema, atamwaibisha mama. Akinyamaza, Edmond atakunywa tena maji machafu.

"Mwalimu, ni mihogo yangu," akasema huku akilia. "Niliona uvivu kushuka nayo."

Mama Athanasie akamfuta machozi. Wakaitoa mihogo pamoja, povu likiwaganda mikononi na harufu ikiwapanda puani, wakaipeleka chini. Nyumbani, mama yake, Constance, alisikia yote, akaguna, kisha akabandika maji jikoni yachemke.

Edmond alipona polepole. Siku aliyonyoosha mikono abebwe, Adelaïde alicheka na kulia kwa pamoja, akamfunga mgongoni, wakashuka na mama kijitoni. Maji yalikuwa yametakata. Minyoo ilikuwa michache mno.

"Mihogo inalowekwa chini ya pahali pa kuteka, hata kama mugongo unauma," akasema Mama Constance. Kisha akamshika binti yake bega. "Minyoo ilisema kweli, lakini haina kinywa. Wewe ulikuwa nacho, ukakifungua. Njo maana leo mugongo wako uko na mutoto."