Gemu ya Nyani Ilikuwa Yangu, Vidole Vilikuwa Vyake

"Hii gemu nimetengeneza mimi. Peke yangu."

Hiram alisema hayo mbele ya darasa zima... na mimi nimekaa pale pale mstari wa mbele!

Hiram wangu. Yule aliyekula ugali kwetu juzi tu, akamwita mamangu "mathe", akamwahidi atanitunza.

Wasomaji wangu, damu ilinipanda hadi masikio yakaziba.

Ngoja niwaeleze. Ilikuwa 2007, hapa Nakuru, kwenye chuo kidogo cha kompyuta juu ya duka la vitambaa. Niiteni Namalwa. Tulikuwa tunajifunza programming kwa lugha ya Visual Basic, na mwalimu wetu, Madam Jerop, hakuwa na hadithi nyingi. Unaanza kwa kuunda kikokotoo, unaunda gemu ya kukisia namba, halafu unabuni yako mwenyewe.

Mashine zilikuwa chache kuliko watu, kwa hivyo tulikaa wawili wawili. Mmoja anashika kibodi, mwingine anafikiria na kumsomea cha kuandika.

Hiram alikuwa amesomea typing. Mimi nilidonoa herufi moja moja kama kuku.

"Babe, wewe fikiria, mimi nipige," alikuwa akiniambia.

Nikakubali. Mapenzi haya, wacha tu!

Gemu niliyobuni ilikuwa hivi: nyani anashuka kutoka mlima Menengai kuiba mahindi, na wewe ndiye mwenye shamba, unamtupia mawe. Kila mstari wa ile code nilimsomea mimi. Yeye alipiga tu.

Siku hiyo alikuja Sanjay, mwenye kampuni inayoundia maduka ya mjini programu za kuhesabu stock. Alitaka kuona kazi zetu, kisha aajiri.

Na mama alikuwa ameniambia wazi. Nikikosa kazi, narudi kwetu Karagita, naingia naye kazi ya mashamba ya maua. Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa miiba na dawa za yale mashamba... Niliiogopa ile greenhouse ya maua kuliko kitu chochote.

Sasa Hiram ananisukuma huko kwa mdomo wake mwenyewe!

Nikasimama.

"Muongo! Hiyo gemu ni yangu!"

"Namalwa, wacha drama," akasema, hata hakuniangalia. "Kuna siku umewahi guza keyboard? Hebu uliza class."

Watu wakacheka. Mmoja akaropoka kutoka nyuma:

"Ni ukweli, huwa ni Hiram anapiga!"

Nikamgeukia mwalimu.

"Madam, si uwaambie!"

Madam Jerop, aliyetupitia nyuma kila siku na kusikia nikisoma, akaangalia sakafu.

Nikajua nimeuzwa na watu wawili.

Sanjay akakunja mikono ya shati.

"Basi ni rahisi. Kila mtu mashine yake, kila mtu copy yake. Nataka nyani wa pili kwa hiyo shamba. Ukimaliza, niite."

Jamani... nipige mwenyewe!

Nyani wa pili nilikuwa naye kichwani kabla sijaketi. Lakini vidole! Natafuta herufi hii, nakosea, nafuta, naanza tena. Upande wa pili nasikia kibodi ya Hiram inanyesha kama mvua juu ya mabati. Jasho likanidondokea mkononi. Nikamwona mama na mikono yake.

"Boss, nimemaliza!"

Hiram. Darasa likapiga makofi.

Sanjay akaketi, akacheza. Nyani akatokea.

"Wa pili ako wapi?"

"Ako... ako hapo, boss."

Sanjay akatupa jiwe. Nyani akaanguka, na alama zikaongezeka mara mbili!

Nikaelewa papo hapo. Alinakili mistari yangu ya nyani wa kwanza jinsi ilivyo, bila kubadilisha kitu. Wawili walianzia mahali pamoja, kwa mwendo mmoja, mmoja juu ya mwenzake. Ungeapa ni nyani mmoja.

"Watenganishe," Sanjay akasema.

Hiram akatazama code. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale... Nyani wote wakapotea, na mahindi pia!

Hakuna aliyecheka tena.

Sanjay akaja kwangu. "Na wewe?"

"Bado," nikasema, machozi yako karibu. "Sijui kupiga."

"Toka hapo. Nisomee."

Akakaa kwenye kiti changu. Nikaanza kusoma.

"Huyu aanzie mkono wa kulia... Mwendo wake usijumlishe, toa, ndio aende kushoto. Alama mpe zake mwenyewe."

Akapiga. Akaiwasha.

Nyani wa kwanza akaingia kutoka kushoto. Wa pili... kutoka kulia!

Darasa likalipuka!

Sanjay hakutabasamu. Alimgeukia Hiram.

"Madam aliniambia mapema kwamba gemu ya nyani ni ya watu wawili, mmoja anafikiria, mmoja anapiga. Nikamwomba anyamaze, nisikie nyinyi wenyewe mtasema nini. Hiyo timu niliipenda. Nilikuja hapa na kazi mbili."

Mbili!

Hiram aliiba kitu ambacho tayari kilikuwa chake. Rangi ilimtoka usoni.

"Babe..." Akanishika mkono. "Babe, mwambie tuko pamoja. Mwambie ilikuwa joke."

Sanjay akaniangalia.

"Kazi bado ni mbili. Wewe ndiye unamjua. Nichukue wawili?"

Darasa zima lilinitazama. Na mimi nikatazama vile vidole vilivyonishika. Sitawadanganya, nilivipenda. Moyo uliniuma sana.

Nikautoa mkono wangu.

"Chukua mmoja," nikasema. "Kupiga nitajifunza."

Ndugu zangu, tamaa mbele, mauti nyuma. Na wewe dada unayefikiria huku mwingine akishika kibodi eti kwa sababu anakupenda, mpende, lakini shika kibodi pia. Watu huamini wanachokiona.

Wenye kusema ningemsamehe, semeni hapo chini, nitawasoma wote. Nitawajibu mimi mwenyewe, kwa vidole vyangu kumi.