Dhahabu ya Salamabila Mitaani Guangzhou

Sauti ya Théophile, mkubwa wake wa ujasusi aliye Kinshasa, ilikwaruza sikioni mwa Rosine.

"Uko wapi?"

"Xiaobei, chef. Mutu iko mbele yangu."

"Ni yeye?"

"Sijajua."

Asubuhi ile wanaume wawili wenye pasipoti za Tanzania walitoka hoteli moja ya Guangzhou, kila mmoja na sanduku jeusi la Samsonite. Mmoja alikuwa Mtanzania kweli, mfanyabiashara. Mwingine alikuwa Mkongomani aliyebeba dhahabu ya Salamabila, machimbo ya Maniema mashariki mwa Kongo, akaibadilishe kwa bunduki za kupelekwa Kabambare. Afisa Liang wa polisi alisema wazi: atakamata mara moja tu, kwa neno la Rosine. Wakimshika asiye na hatia, mwenye dhahabu atashtuka na kutoweka.

Mama yake Rosine alilima mpunga Wamaza, kwenye njia ya Kabambare. Bunduki zile zingepita mlangoni pake.

Usikosee, Rosine.

Rosine akimfuata mmoja wao, waliiacha Xiaobei, mtaa wa Waafrika, na wasusi wake wa Kinshasa. Wakapita Msikiti wa Huaisheng na mnara wake mweupe, mnene. Wakavuka daraja la Shamian, kisiwa cha majumba ya kale ya Wazungu, ambako maharusi walipanga foleni kupigwa picha. Mtu yule hakutazama nyuma. Akazama Liwan: vichochoro, nguo zinazodondosha maji kutoka dirishani, harufu ya samaki mkavu.

Soko.

Hapo akasimama. Ng'ambo ya meza ya mboga, Mchina wa suti ya kijivu alikuwa anamtazama.

Mnunuzi wa dhahabu?

Rosine akajisogeza, akanyakua fungu la majani. "Kaka, hizi mbichi kweli?" Alivaa Kiswahili cha Dar es Salaam.

Mtu akacheka. "Dada, unataka kumlisha mumeo kuni? Hizo zimekomaa."

Kiswahili safi, cha Kariakoo. Basi huyu ndiye Mtanzania.

Mtu akamchagulia fungu jingine. "Lengalenga tamu ni ya majani madogo."

Lengalenga!

Mtanzania angesema mchicha. Neno hilo lilitoka kwao Rosine, Maniema.

Rosine akabonyeza simu mara mbili, ishara kwa Liang. "Aksanti, ndugu. Unatoka Kasongo ao Kabambare?"

Uso ukamkauka. Samsonite ikaruka kuelekea kichwani kwa Rosine. Akainama. Pete yake yenye sindano ya dawa ya kulegeza mwili ikamgusa shingoni, na mtu mzima akaangukia karai la vyura. Suti ya kijivu ikageuka kukimbia, ikaishia kifuani kwa Liang.

Ndani ya sanduku, chini ya mashati, dhahabu iliwaka.

"Weye... mwanamuke wa wapi?" aliuliza mtu yule kutoka sakafuni, ulimi umemlegea.

"Wa Wamaza. Mama anakusalimia."

Théophile alipumua simuni. "Félicitations, dada, hongera. Rudi hoteli. Ndege ni kesho."

"Kesho iko mbali, chef. Tangu asubuhi naona muji huu kwa kupita juu ya bega la mwizi; sasa niuone muzima."

Akazima simu. Akavuta miwani yake ya Ray-Ban machoni, akapanda kivuko cha Mto Lulu, akachagua kiti cha mbele kabisa.