Kuhamisha Majina ya Wafu

Kompyuta ya zamani ilianza kunuka nyasi zilizoungua asubuhi ileile fundi Fabien alipoleta mpya. Hortense, karani wa parokia pale Bunia, alinusa waya, akanusa plagi. Wapi! Harufu ilikuwa ya paa la nyumba iliyochomwa moto.

"Mfumo wake umezeeka, mama," Fabien alisema. "Hata walioutengeneza wameutupa. Tuhamishe orodha yako, basi."

Orodha yenyewe ilikuwa ya watu mia nne waliouawa wilayani Djugu tangu vita vianze, na chini yao waliopotea. Wa mwisho kabisa ni Vital, mdogo wake Hortense, aliyeonekana mara ya mwisho akikimbia kutoka mji wa Fataki.

Mara mbili Fabien alijaribu, mara mbili mashine ikazimika. Mara ya tatu, jua la saa sita likiwaka nje, ikaanza kupumua, pumzi fupifupi za watu wengi waliojibana chumba kimoja wakisikiliza viatu uani, wakiwaziba watoto midomo, hata Fabien, mwenye diploma mbili na maneno ya kuzidi diploma, akajikuta naye amebana pumzi.

"Weye unasikia?" Hortense alinong'ona.

"Ni... ni feni."

"Feni gani inaogopa?"

Wakamwita Mama Pétronille wa maombi.

"Munahamisha watu bila kuwaambia?" aliwagombeza. "Kwetu ukihama, unaita wafu wako kwenye mulango mupya, jina kwa jina. Lakini muzima usimuite! Ukimuita kati yao, atakufa na kuja kama wao. Na mufanye mbio. Nyumba iliyohamwa, jini anaingia mbele ya panya kufika."

Hortense aliwaita mbele ya kompyuta mpya mpaka koo likakauka. Alipofika kwa waliopotea, akaishia hapo, maana huenda wengine walikuwa hai. Harufu ikaisha. Fabien akachomoa waya wa mashine ya zamani, akajifuta jasho, na Mama Pétronille akaenda zake.

Ndipo mashine ile, haina umeme wala chochote, ikasema kwa sauti ya Vital:

"Yaya, dada yangu, unaniacha huku?"

"Usijibu, mama!" Fabien alimshika mkono.

"Vital!" Hortense alipiga kelele. "Vital, kuja!"

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bernadette, muuza samaki, ameshuka sasa hivi kwenye lori, anacheka.

"Hortense, furahi! Vital iko Aru. Jana tu nimemuacha anapakia mizigo, muzima kabisa!"

"Yaya," ikasema kompyuta mpya, "nimefika."