Vidole Viwili Chini ya Futi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla mlango wa duka la ushonaji haujafunguliwa, Pini alikuwa na kazi tatu. Alifagia vipande vya nyuzi na vitambaa vilivyobaki sakafuni. Alitia tone moja moja la mafuta kwenye cherehani mbili. Kisha alimpima Mama Mkubwa uzito na kiuno, akaandika tarakimu kwenye daftari la kijani.

Jina lake la shuleni lilibaki shuleni. Nyumbani na dukani aliitwa Pini, kwa sababu alikuwa mwembamba na maneno yake yalichoma. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, naye aliishi na dada wa mama yake, ambaye ndiye mwenye duka. Mwaka mzima sasa alikuwa akipima wateja, futi ikiwa imening'inia shingoni kama ya fundi kamili, na Mama Mkubwa alikuwa amemwahidi kwamba shule zikifungwa atampa mteja wake wa kwanza: kumpima, kumkatia na kumshonea peke yake.

Mama Mkubwa alikuwa mtu wa mwili, mcheshi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye kushona. Kazi yake ilikuwa ya kukaa. Aliketi kwenye cherehani tangu asubuhi hadi jioni, chai ya sukari nyingi ikiwa pembeni, na alipoinuka magoti yalilia kabla yeye hajalia. Miezi miwili iliyopita, alipokwenda hospitali kwa sababu ya magoti hayo, daktari mmoja alimwomba ajiunge na utafiti. Watu elfu moja na mia mbili walikuwa wafuatiliwe kwa miaka miwili. Watafiti walitaka kujua jinsi mafuta yanayojikusanya tumboni yanavyohusiana na kisukari, shinikizo la damu, magonjwa ya moyo na usingizi mbovu. Mama Mkubwa mwenyewe alipopimwa, sukari yake ilikuwa imekaribia mpaka wa kisukari, ingawa ilikuwa haijauvuka.

Alikubali. Akapunguza sukari kwenye chai, akaanza kutembea nusu saa kila jioni, akawa anainuka kwenye kiti kila akimaliza upindo. Kupima alimwachia Pini.

"Ana mkono wa fundi," alimwambia daktari kwa fahari siku ile hospitalini, Pini akiwa kando yake. "Huyu hakosei hata nusu sentimita."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimwonyesha Pini jinsi ya kupima, hatua kwa hatua, kisha akabandika karatasi ya maelezo ndani ya jalada la daftari. Pini aliitikia kwa kichwa kila mara, lakini akili yake ilikuwa kwenye rangi ya mapazia ya hospitali. Mtoto wa fundi afundishwe kushika futi? Ile karatasi hakuisoma.

Jioni moja ya Ijumaa, wiki nane baadaye, Mama Mkubwa alichukua daftari akavaa miwani yake. Kesho yake daktari angekuja dukani kuona maendeleo. Pini na binamu yake walikuwa mezani wakitenganisha vifungo. Binamu huyo, bintiye Mama Mkubwa, alikuwa na miaka kumi na minne, na kwa kuwa hakuwahi kunyamaza, mtaa mzima ulimwita Redio.

"Uzito umeshuka kilo tatu," alisema Mama Mkubwa. "Vizuri. Na kiuno..." Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hospitali walinipima sentimita mia moja kumi na nne. Jumamosi iliyopita ni mia moja kumi na saba."

"Labda umevimba kwa furaha, mama," alisema Redio.

Mama Mkubwa hakucheka, na hilo halikuwa jambo la kawaida. "Nimetembea hadi majirani wananiuliza kama nimepoteza kitu. Chai nainywa kama dawa. Halafu tumbo, ambalo ndilo walilosema lina hatari zaidi, linaongezeka? Basi. Kesho nitamrudishia daktari daftari lake, nimshukuru, nirudi kwenye chai yangu. Mwili huu nimeandikiwa."

Akaenda kufunga dirisha la nyuma. Pini akavuta daftari. Aliisoma safu ya kiuno kuanzia juu. Hospitali: 114. Jumamosi ya kwanza, siku tano tu baadaye: 119. Kisha 119 tena, 118, 119, 118, 118, 117, 117. Kiuno hakikuwa kinapanda. Kilikuwa kimeruka mara moja, siku ile ile Pini alipoanza kupima yeye, na tangu hapo kilikuwa kinashuka taratibu.

Alifunua jalada. Maelezo yalikuwa mistari minne. *Pima juu ya ngozi, si juu ya nguo. Weka futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Mpimwaji atoe pumzi kama kawaida. Futi iguse ngozi pande zote bila kubana, na vidole visiwe chini yake.*

Fundi hupima juu ya nguo, na kila mara huweka vidole viwili chini ya futi, ili gauni litakaposhonwa mwenyewe apate nafasi ya kupumua na kukaa. Pini alijifunza hivyo tangu siku ya kwanza. Na kwa wiki nane, bila kuwaza, alimpima Mama Mkubwa kana kwamba anamshonea sketi.

"Dada," alinong'ona, "kosa ni langu."

Alipomweleza, Redio alisogeza kiti karibu. "Sasa unatetemeka nini? Rahisi hiyo. Nina daftari jipya la kijani kama hilo. Nakili kila kitu, kwenye kiuno toa tano kila mstari. Mama atafurahi, daktari atafurahi, na wewe utapewa mteja wako. Unadhani mama atamwachia nguo ya mtu mpimaji aliyekosea wiki nane?"

Hilo la mwisho ndilo lililomchoma. Pini alichukua kalamu. Akanakili mstari wa kwanza: 114. Akanakili wa pili. Kwenye wa tatu alisita. Jumamosi ile Mama Mkubwa alikuwa amevaa gauni jepesi au lile zito la mikunjo? Hakukumbuka. Na vidole vyake, vilikuwa vimelala au vimesimama? Hilo pia hakulijua. Huenda ilikuwa tano, huenda nne, huenda sita. Akitoa tano kila mahali, hatakuwa amesahihisha kipimo. Atakuwa amebahatisha, kisha akakiandika kwa mwandiko mzuri ili kifanane na kipimo.

"Mbona umeacha?" aliuliza Redio.

"Kwa sababu sijui. Na hapa panaandikwa kinachojulikana."

"Haya, jitie kitanzi. Mimi sijasema kitu," alisema Redio, akachukua daftari lake jipya, akaurarua ukurasa ule mmoja.

Mama Mkubwa aliporudi, Pini alikuwa amesimama wima kando ya meza. Alisema yote kwa pumzi moja: nguo, vidole, karatasi ambayo hakuisoma. Mama Mkubwa akachukua daftari na kuisoma karatasi ile mwenyewe, midomo ikicheza.

"Nusura nirudishe daftari la watu na kurudi kwenye sukari," alisema hatimaye. "Kwa vidole vyako viwili! Kesho utamweleza daktari mwenyewe. Mimi sitakusemea hata neno moja."

Asubuhi iliyofuata daktari alifika akiwa na mkoba mweusi begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti. Mpimaji wangu ana neno na wewe."

Pini alimwamkia, kisha akaeleza. Alitarajia kukaripiwa. Daktari alifungua mkoba, akatoa rula na kalamu.

"Juu ya nguo kila wiki? Una hakika?"

"Nina hakika, daktari."

"Na vidole viwili?"

"Kila wiki. Lakini unene wa nguo sikumbuki."

"Jibu zuri hilo. Wengine wangekumbuka ghafla." Daktari alichora mstari mmoja mwembamba kandokando ya tarakimu zile nane, akaandika pembeni: *Zimepimwa juu ya nguo, kwa nafasi ya vidole viwili.* Akaweka tarehe, akatia sahihi, akamkabidhi Pini kalamu naye atie yake. "Tarakimu hizi hazitaingia kwenye hesabu kuu. Lakini hatuzifuti. Atakayekuja kusoma baada yangu anatakiwa aone kilichotokea."

"Kwa hiyo Mama Mkubwa ametolewa?" aliuliza Pini.

"Ametolewa na nani? Uzito wake ulipimwa sawa, na vipimo vya damu tulivichukua wenyewe wiki iliyopita. Kiuno tutakianza upya leo. Tuna safari ya miaka miwili, tumepoteza miezi miwili. Ni hasara, si msiba."

Waliingia wote watatu nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Pini alitafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, kisha mfupa wa nyonga, akaweka alama katikati kwa chaki ya fundi.

"Unanitekenya wewe!"

"Usicheke, Mama Mkubwa. Toa pumzi kama kawaida."

Futi ilikaa kwenye ngozi, imelala sawasawa mbele na nyuma. Pini alisoma mara mbili. "Mia moja kumi na mbili."

Daktari akapima mwenyewe tangu mwanzo. "Mia moja kumi na mbili."

Mama Mkubwa alichungulia nje ya pazia, na Redio aliyekuwa amejibanza kwenye meza ya kukatia akasikia kile ambacho mtaa wote ungekisikia baadaye. "Sentimita mbili zimekwenda! Kumbe kiuno changu kilikuwa kinasingiziwa!"

Walipokwisha kukaa tena, daktari alisoma majibu ya damu. Sukari ilikuwa imeshuka kidogo, ikasogea mbali na ule mpaka. Shinikizo la damu lilikuwa pale pale.

"Ni dalili njema, si ushindi," alisema. "Endelea na uliyoanza."

"Lakini daktari," aliuliza Redio, "mbona babu alikuwa mnene na hakuugua kisukari, na jirani yetu mwembamba anacho?"

"Swali la maana. Unene uliopitiliza huongeza uwezekano wa kuugua, hasa mafuta yakiwa tumboni, lakini haumpi kila mnene ugonjwa, wala wembamba si kinga. Kuna urithi, chakula, usingizi, kazi ya kukaa muda mrefu. Ndiyo maana hatutazami mtu mmoja tukatangaza. Tunawapima wengi, kwa muda mrefu, kwa njia ile ile. Mmoja akipimwa kwa vidole viwili na mwingine bila vidole, tutadhani tumegundua jambo la mwili wa binadamu, kumbe tumegundua mazoea ya mafundi."

Mama Mkubwa alicheka hadi kiti kikalia. Kisha akavuta karatasi ya kuendelea na utafiti, akatia sahihi yake kubwa.

Daktari alipoondoka, Pini alivua futi shingoni akaiweka mezani. "Najua mteja wangu wa kwanza hayupo tena," alisema.

"Yupo," alisema Mama Mkubwa. "Lakini kwanza utanisomea ile karatasi kwa sauti kila Jumamosi, mwezi mzima, hata kama umeikariri. Na sikiliza, mwanangu. Ulikosea kwa sababu ulidhani unajua. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Vidole viwili ni sahihi kwenye gauni na ni kosa kwenye utafiti, kwa hiyo kabla ya kupima chochote, uliza kipimo ni cha kazi gani. Kosa kama hilo hata mimi nimefanya, nikaharibu kitambaa cha harusi. Lakini jana ungeweza kunipa tarakimu ya kunifurahisha, na ningeifurahia. Ningeishi kwa kubahatisha na kuiita afya. Ulinipa ile ya kweli, ukijua inaweza kukugharimu. Mpimaji wa namna hiyo simfukuzi dukani kwangu."

Akainuka, akaenda kufungua mlango. Wateja wawili walikuwa tayari wamesimama barazani.