Bango la Watoto Wawili

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kalamu alipepea mkaa wa pasi ya mama yake. Mama alikuwa dobi, na chumba chao cha mbele kilijaa mashati ya watu. Kazi ya kunyunyiza maji ilikuwa ya mdogo wake wa miaka saba, aliyeitwa Pengo. Alijaza maji mdomoni akayarusha kupitia pale yalipong'oka meno ya mbele, na wateja wakacheka mpaka wakasahau kuuliza kama mdomo ulikuwa safi. Sasa Kalamu alinyunyiza kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Pengo alitumwa mkaa, hakurudi, na wiki ya pili ilikuwa inakwisha.

Polisi walikuwa wameambiwa. Majirani walikuwa wametafuta. Nyumbani hakuna aliyelia tena. Mama alipiga pasi shati lilelile mara mbili bila kujua, akasali, akalala. Kalamu aliuhisi moyo wake kama mkono uliolaliwa: upo, lakini si wako.

Wenzake walimpa jina la Kalamu kwa sababu ya mwandiko wake. Kwa hiyo mwalimu alipotaka shule itengeneze mabango ya kuwazindua wazazi kuhusu watoto wanaopotea, alimwita yeye. "Mweke na mdogo wako, mwanangu," alisema. "Ila kila utakachoandika, uwe umekihakikisha."

Kalamu alikwenda kwa mtangazaji wa soko, mzee aliyetangaza kwa kipaza sauti vitu vilivyookotwa na watoto waliopotea.

"Shikamoo, babu. Kwa mwaka unatangaza watoto wangapi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hao? Mia wanafika, wanapita."

Swali la pili, waliopatikana ni wangapi, lilikuwa tayari ulimini. Akalimeza. Aliogopa jibu lingeipunguza ile mia.

Basi akaandika kwa herufi nyekundu: WATOTO ZAIDI YA MIA WAMEPOTEA MJINI KWETU MWAKA HUU. Picha ya Pengo ikabaki pembeni, ndogo kama stempu. Watu wakishtuka, aliwaza, watamtafuta. Mwalimu alipouliza namba imetoka wapi, akajibu, "Sokoni," na mabango yakabandikwa.

Siku za kwanza watu walishtuka kweli. Kisha mchana mmoja, Kalamu akiwa kwenye foleni ya bucha, muuza nyama alilitazama bango lililobandikwa ukutani kwake, akacheka.

"Watoto mia wapotee, na shule bado imejaa vilevile? Mtangazaji mwenyewe alikaa hapa jana, anasema karibu wote walipatikana kabla hajameza mate."

"Na huyu wa pichani?" mteja akauliza.

"Si walewale. Saa hizi yuko kwao anakula." Akalibandua bango, akafungia mifupa ya mbwa.

Kalamu alilitazama furushi likienda, uso wa Pengo ukiwa ndani.

Ndipo alipokwenda kuuliza lile swali alilolimeza.

"Walipatikana, wengi kabla soko halijafungwa," mtangazaji alijibu. "Mimi aliyepotea namtangaza. Aliyepatikana, mama yake anamshika mkono wanakwenda zao. Hata wewe niliwahi kukutangaza, umelala nyuma ya magunia unakoroma."

"Ambao hawajaonekana mpaka leo?"

"Ninaowajua ni wawili. Mdogo wako na binti wa fundi cherehani. Lakini usinishike mimi, kaulize polisi."

Jioni akamweleza mama yote. Mama aliiweka pasi juu ya kibati chake.

"Kila siku namwomba Mungu anirudishie mwanangu. Sasa nimwombe nikiwa na uongo mkononi?"

"Nilitaka watu wamtafute, mama."

"Najua. Chukua ndoo, tukayabandue."

Kesho yake Kalamu alimweleza na mwalimu. Wakaenda pamoja kituoni, na polisi wakathibitisha: wawili. Bango jipya likawa na nyuso mbili kubwa, nguo walizovaa na namba ya simu ya kituo. Chini yake: "Wengine waliotangazwa sokoni mwaka huu wamepatikana, wengi siku ileile. Hawa wawili bado." Kila walipobandika, Kalamu alisema mwenyewe kwamba ile mia haikuwa kweli. Muuza nyama alipojua ni mdogo wake, aliufuta ukuta kwa kitambaa chake, akawapa nafasi karibu na mizani.

Dereva wa lori aliyekuwa akinunua nyama ndiye aliyelisoma. "Huyu wa pengo nimemwona. Alilala kwenye lori la magunia ya mkaa, akaamkia mji wa mbele. Yuko kituo cha watoto. Akiulizwa jina anasema Pengo. Jina la mama? Anasema Mama."

Siku iliyofuata Pengo alishuka kwenye gari la polisi. Mama alimshika, hakumwachia. Kalamu alisimama kando, moyo ukianza kumchomachoma kama mkono unaotoka ganzi.

Kisha akachukua kalamu. Mabango yalikuwa bado yanasema wawili. Akayarekebisha moja baada ya jingine, mpaka la bucha. Hapo alimkuta yule mama fundi cherehani amesimama mbele ya picha ya binti yake. Kalamu akaificha kalamu nyuma.

"Rekebisha, mwanangu," fundi alisema.

"Si watasema ni mmoja tu, mama?"

"Wa kwangu ni mmoja. Ile mia yenu nilikuwa naipita kila siku, simwoni mwanangu ndani yake. Hata kwa jambo jema, msiwatishe watu kwa namba msiyoihakikisha. Wakigundua, na la kweli hawatalisoma. Ikiongezeka, ongezeni. Ikipungua, punguzeni, hata kama mimi ndiye ninayebaki."

Muuza nyama aliinamia mizani yake.

"Haya," fundi akaendelea. "Andika mmoja, na umwandike vizuri, asomeke."

Kalamu akaandika. Fundi alililaza bango ukutani kwa viganja viwili lisicheze, kama anavyoshika kitambaa chini ya sindano.