Ndege ya Mama Mkubwa

Kila jioni saluni ya mama yake Kasuku ilijaa watu: waliokuja kusukwa nywele, na waliokuja kupiga soga tu. Kasuku alifagia huku masikio yakiwa wazi.

Jioni moja simu ililia, naye akaiwahi. Alikuwa mama mkubwa, dada wa mama, aliyekuwa ng'ambo miaka mingi.

"Napanda ndege kesho, saa sita usiku kwa saa za huko nyumbani. Nitabadilisha ndege njiani, halafu..." Simu ikakatika.

"Anakuja! Anaondoka kesho saa sita usiku!" Kasuku alipiga kelele.

"Anatua saa ngapi? Hebu nimpigie," mama alisema.

"Ya nini, mama? Nitapiga hesabu!"

Alileta atlasi na rula, akapima mji hadi mji. "Kilomita elfu nane. Ndege inakwenda kilomita mia tisa kwa saa. Kesho kutwa saa tatu asubuhi keshatua!"

"Mtoto ana kichwa huyu!" msusi wa saluni alisema.

"Profesa wangu," bibi, mama yao mama na mama mkubwa, akacheka.

Alipokuwa akiosha vyombo, ndipo Kasuku akakumbuka: kubadilisha ndege! Mtu hushuka, akasubiri nyingine. Moyo ulimwambia aseme. Lakini sifa zilikuwa bado tamu. Labda atasubiri kidogo tu, akajidanganya, akanyamaza. Kesho yake pia akanyamaza.

Asubuhi ya kumpokea mgeni walifika uwanja wa ndege mapema: Kasuku, mama, msusi, na bibi aliyevaa gauni jipya. Alikataa hata chai. "Nitakunywa na mwanangu."

Saa tatu ikapita. Saa tano ikapita. Abiria walitoka, wakakumbatiwa na watu wao, wakaenda. Simu ya mama mkubwa haikupatikana.

"Ndege imeanguka," bibi alisema ghafla. "Mnajua, mnanificha! Mwanangu kafa!"

Msusi alimshika, naye bibi akazidi kulia. Kasuku alimsogelea.

"Bibi, haijaanguka!" alisema kwa kwikwi. "Alisema atabadilisha ndege njiani. Mimi sikuwaambia. Nilijua tangu juzi."

Mama akakimbilia dirisha la maulizo. Alirudi akihema. "Abiria wa kule wanaunganisha ndege. Wanatua saa kumi jioni."

Saa kumi na nusu mama mkubwa alitokea akisukuma masanduku. Bibi alimng'ang'ania akilia upya.

"Mama, si nimefika salama? Kuna nini?"

Wote wakamgeukia Kasuku. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alieleza yote mwenyewe, mwanzo hadi mwisho.

Bibi alimvuta karibu. Mkono wake ulikuwa bado wa baridi.

"Hesabu ukikosea tunairudia, mjukuu wangu, hakuna atakayekuchapa. Ila leo nimemlilia mwanangu akiwa hai, kwa sababu ulijua ukanyamaza. Siku nyingine sema mapema, hata kama tutakucheka."

"Nitasema, bibi."

"Haya, sasa nitafutieni chai. Njaa inaniua."