Kasoro za Gari Jeupe

"Saini hapa, mpenzi. Nimeshakujazia kila kitu, wewe weka jina tu."

Muuzaji alisogeza fomu ya ukaguzi juu ya boneti, akamtia mchumba wake kalamu mkononi. Mchumba akaisoma fomu. Upande wa uzuri ulikuwa umejaa mpaka pembeni. Upande wa kasoro haukuwa na hata nukta.

Mchumba huyo ndiye aliyekuwa mkaguzi wa yadi ile ya magari, na walimwita Tochi, kwa sababu hakuwahi kusaini fomu kabla hajaingiza tochi yake kila uvungu. Miaka minane ya kazi, hakuna mteja aliyewahi kurudi kumlalamikia. Saini yake ndiyo iliyouza magari, ingawa sifa zote alizichukua muuzaji na tabasamu lake.

"Zulia la nyuma lina unyevu," alisema Tochi.

"Limeoshwa jana."

"Na hiyo harufu?"

"Sabuni hiyo. Kwani hujawahi kunusa sabuni?"

Tochi aliingia kiti cha nyuma na fomu yake, akauvuta mkanda taratibu mpaka ukaisha. Hapo ndipo wanaoficha mambo husahau kuosha. Kile kipande cha mwisho, kinachokaa siku zote kimejikunja ndani, kilikuwa na rangi ya tope, na mchanga mwembamba ukamwagika vidoleni mwake.

"Gari hili lilizama."

Muuzaji alitazama huku na huku, kisha akainama dirishani.

"Lilizama, likatolewa, likakauka. Si linawaka? Si linatembea?"

"Kumbe ulijua."

"Nisikilize. Bosi amesema nikiliuza hili leo, nakuwa meneja. Harusi ni wiki tatu zijazo, kadi zimeshasambazwa. Unataka kuolewa na meneja, au na hiyo tochi yako?"

Tochi akaitazama fomu. Tusimsifu bure: alifikiria kusaini. Alikuwa anampenda yule mwanamume, alimpenda mpaka akazoea kuvicheka vichekesho vyake visivyochekesha. Shangazi zake walishanunua vitambaa. Kalamu ilikuwa imeshagusa karatasi wateja walipoingia getini.

Walikuwa wawili: fundi saa mmoja mpole mwenye miwani, na mama yake mzazi, aliyetembelea mkongojo kwa ajili ya magoti. Walitafuta gari la kumpeleka mama kwenye mazoezi ya miguu mara tatu kwa wiki.

"Shikamoo mama, karibuni sana," muuzaji alibadilika sura papo hapo. "Huyu mchumba wangu ndiye mkaguzi wetu. Mwenyewe amelipenda gari hili. Kaka, kaa kwenye usukani ulionje. Mama, pita nyuma hapo, ukae na mkaguzi."

Yeye akakaa mbele kushoto kwa fundi saa, akanyoosha mkono kuwasha gari, akaunganisha simu yake na spika ili wageni wasikie muziki. Kisha akaanza kumwaga sifa. Injini hii, ngozi ya viti hii, ukilipaki mbele ya nyumba majirani wanakusalimia mara mbili.

Fundi saa alipunguza muziki, akageuka nyuma. "Mkaguzi, wewe unasemaje?"

"Ameshakubali, imebaki saini tu," alijibu muuzaji.

"Nimemuuliza yeye."

Tochi alimtazama mama. Magoti yake yalikuwa yamebanwa na kiti cha mbele, naye amejikaza asilalamike mbele ya watu. Tochi akaiweka kalamu chini.

"Magari ya aina hii ni mazuri, sitawadanganya. Ni madogo lakini yana nguvu. Yametulia barabarani, na ukifunga mlango kelele zote zinabaki nje. Mama anapanda bila kuinama sana. Lakini nyuma kumebana, mama mwenyewe shahidi. Buti ni dogo, na kipuri kikiharibika kinaagizwa mbali. Hayo ni ya aina nzima. Hili moja lina lake."

"Mpenzi," alisema muuzaji kwa sauti ya chini, "ukiendelea, hakuna harusi."

Mama aliacha kusugua magoti. Tochi akauvuta mkanda mpaka mwisho, akakilaza kile kipande chenye tope mapajani mwa yule mama.

"Lilizama kwenye maji, mama. Nyaya zinaoza polepole huko ndani. Siku moja litazimika katikati ya barabara, na wewe umekaa hapo hapo ulipokaa."

Basi harusi ikavunjika kwenye kiti cha nyuma, mchana kweupe. Muuzaji alifungua mdomo ajibu. Kabla hajajibu, simu ikaita kwenye spika. Skrini ya gari ikaandika kwa herufi kubwa, MALKIA WANGU, na moyo mwekundu pembeni.

"Usipokee hiyo," alisema muuzaji, akijipapasa mifuko yote minne.

Fundi saa akabonyeza kitufe kwenye usukani.

"Mpenzi," sauti ya kike ikajaa gari zima, maana spika zile hazikuwa za mchezo. "Yule wa tochi ameshasaini? Mvumilie hivyo hivyo mpaka umeneja utoke. Harusi si utaiahirisha tu? Mimi nimechoka kujificha."

Muuzaji akaipata simu yake na kuizima, ila maji yalikuwa yameshamwagika.

"Samahani," alisema fundi saa. "Nilidhani ni kitufe cha kukata."

Iliuma. Machozi yakamtoka Tochi mbele ya wateja. Akayafuta kwa mkono wenye mchanga. Kisha akaivua pete, akaiweka juu ya dashibodi, akachukua fomu na kuujaza upande wa kasoro mpaka nafasi ikamwishia.

"Tochi, ngoja nikueleze," alisema muuzaji.

"Huna la kunieleza. Magari yote nayavuta mikanda, wewe nilikuchukua kwa rangi. Kosa langu hilo, na sirudii."

Akasaini, akampa mama nakala yake, akatoka na tochi yake. Hakurudi tena pale.

Yule mama magoti hakuwa nayo, ila mdomo alikuwa nao. Ndani ya mwezi mmoja kila mgonjwa wa mazoezi alijua kuna mwanamke anayekagua magari bila kumwogopa mtu. Simu zikaanza kumiminika. Tochi akakodi chumba kando ya barabara, akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: UKAGUZI. UZURI NA KASORO. Wauzaji wa ile yadi, waliobaki na fomu zisizoaminika, wakawa wanawaleta wateja kwake wenyewe.

Na ujumbe mmoja ukaingia.

"Habari mkaguzi. Ni fundi saa. Nimepata gari la zamani, halina maringo, nyuma kupana. Utakuja kulivuta mikanda?"

"Nitakuja kesho asubuhi."

"Mama anauliza kama utakula."

"Mama ndiye anauliza?"

Jibu lilichelewa dakika kumi. "Sote wawili."

Baada ya mwaka na miezi miwili, walikaa mbele ya msajili wa ndoa. Nje lilipaki lile gari la zamani, na mama aliyekuja nalo alikuwa amenyoosha miguu njia nzima.

"Saini hapa, bibi harusi," alisema msajili.

Tochi aliigeuza karatasi, akatazama nyuma yake. "Sehemu ya kasoro iko wapi?"

Msajili alidhani ni utani. Bwana harusi hakudhani. Alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni, akamkabidhi, na Tochi akaisoma kwa sauti.

"Nakoroma. Nachelewa kila mahali, na mimi ni fundi saa. Nikikasirika nanyamaza siku mbili. Mama ataishi nasi na anapenda kuongea."

"Hiyo ya mwisho si kasoro," alisema mama.

Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, kwa maandishi madogo. Huo Tochi aliusoma kimya.

"Siku ile nilijua vizuri kitufe cha kukata kiko wapi."

Alicheka mpaka msajili akaweka mihuri yake chini. Kisha akachukua kalamu, na bila kutafuta tochi, akaandika jina lake lote.